Kufungua kampuni London: hatua zote kuanzia viza mpaka ripoti ya mwaka wa kwanza

Habari zenu wandugu. Swali la kufungua kampuni London linarudi kila mara, wengine wanauliza wakiwa hapa hapa London, Barking na East Ham, wengine wako Dar, Nairobi au Muscat na wanataka kampuni ya Uingereza ili wateja wa nje wawalipe bila usumbufu. Naweka kila kitu hapa kwa mpangilio, naongelea kampuni ya kawaida ile inayoandikwa Ltd mwishoni. Niseme mapema, kusajili kwenyewe ni kazi ya jioni moja ukiwa na laptop na kadi ya benki, kinachowaumiza watu ni vitu vya kabla ya kusajili na vya baada yake, kwa hiyo huko ndo nitakaa zaidi.

Hatua ya 1: Angalia viza yako kabla ya kitu kingine chochote

Sheria ya kampuni na sheria ya uhamiaji ni mambo mawili tofauti na hapa wengi wanajichanganya. Sheria ya kampuni haijali wewe ni raia wa wapi, mtu anaekaa Tanga au Bukavu anaweza kuwa mkurugenzi na mwenye hisa zote za kampuni ya London bila kukanyaga Heathrow, cha muhimu awe ametimiza miaka 16, asiwe amefungiwa ukurugenzi na mahakama wala asiwe katika hali ya kufilisika kisheria. Lakini ukiwa ndani ya Uingereza, viza yako ndo inasema unaruhusiwa kufanya kazi gani. Na Companies House, ambao ndo wasajili, hawatakuuliza viza hata siku moja, watapokea hela na kukusajili, alafu unakuja kuomba kuongeza viza na Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji, wanakuta jina lako kwenye daftari ambalo kila mtu duniani anaweza kulisoma bure.

Ukiwa na viza ya mwanafunzi usifungue kampuni ya kuiendesha mwenyewe, masharti yanakataza kujiajiri na kufanya biashara, na hilo ni pamoja na kuuza madira Instagram jioni baada ya kipindi. Ukiwa na Skilled Worker, yaani viza ya kazi, umefungwa na mwajiri aliekudhamini, kumiliki hisa ni jambo moja, kufanya kazi kwenye kampuni yako ni jambo jingine, hapo lipia saa moja ya mwanasheria wa uhamiaji usitegemee ushauri wa kwenye harusi. Viza ya Graduate, ile ya waliomaliza chuo hapa, inaruhusu kujiajiri. Mke au mume alieletwa na mwenza mwenye viza ya kazi kwa kawaida anaruhusiwa pia. Mwenye makazi ya kudumu, raia, na aliekubaliwa ukimbizi hawana kizuizi. Anaesubiri jibu la ukimbizi asijaribu. Na aliekuja kutembea anaweza kufanya mikutano, kujadiliana na kusaini mikataba, ila hawezi kukaa hapa na kuendesha biashara.

Alafu jamani, kusajili kampuni hakukupi viza. Kuna watu wanauza paketi ya kampuni pamoja na ahadi ya kuingia Uingereza, hela nyingi za watu zimepotelea humo. Njia rasmi ya wanaotaka kuja kuanzisha biashara inaitwa Innovator Founder, na hiyo lazima wazo lako liwe jipya na liidhinishwe na taasisi iliyopewa kibali, tathmini yake tu ni pauni 1,000 kabla hujagusa ada ya viza yenyewe. Duka la vitenge ni biashara nzuri sana lakini halitapita hapo.

Hatua ya 2: Jiulize kama kampuni ndo unayoihitaji

Kama unasuka nywele, unafanya usafi au unapika kwa oda na uko peke yako, unaweza kuanza kama mfanyabiashara binafsi, unajiandikisha HMRC ambao ndo watu wa kodi, bure, na mzigo wa makaratasi ni mdogo. Ukiingiza zaidi ya pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi ndo unatakiwa ujiandikishe, mwaka wao unaisha tarehe 5 Aprili na mwisho wa kujiandikisha ni tarehe 5 Oktoba inayofuata. Kampuni ina maana zaidi pale mteja mwenyewe anaidai, au mko wawili watatu mnachangia mtaji, au kazi yenu inaweza kuleta deni kubwa mkakosa pa kulipia. Kampuni ni mtu wa peke yake kisheria, deni lake ni lake, labda uwe umesaini dhamana binafsi kwa mkopo au kodi ya fremu, na wenye fremu London hawachoki kuidai hiyo saini.

Hatua ya 3: Jina

Hii fupi. Ingia kwenye tovuti ya Companies House, kuna sehemu ya kutafuta jina, ukiona lipo au linafanana sana tafuta jingine. Kiswahili kinaruhusiwa, ila majina mepesi kama Jambo au Karibu peke yake usitegemee kuyakuta. Maneno kama Bank, Royal au British yanahitaji kibali. Angalia pia daftari la alama za biashara, maana jina linaweza kupita kwenye usajili alafu barua ya mawakili ikakufuata mwaka ujao wakati umeshachapisha mifuko na kubandika gari.

Hatua ya 4: Anwani

Hapa tulia. Kila kampuni lazima iwe na anwani ya ofisi iliyosajiliwa, na tangu tarehe 4 Machi 2024 anwani hiyo lazima iwe mahali ambapo barua ikifika inapokelewa na mtu anaeihusu kampuni, sanduku la posta haliruhusiwi tena. Ukiisajili London kampuni yako inahesabika ya England na Wales, kwa hiyo ukija kuhama kwenda Leicester au Cardiff unabadilisha anwani tu, lakini Scotland huwezi kuhamia, kule wana usajili wao.

Ukitumia nyumbani, ujue anwani itaonekana na kila mtu, wadai, wateja wenye hasira, na kila anaetuma matangazo. Pia mkataba wa nyumba ya kupanga, iwe ya kaunsili (halmashauri ya eneo) au ya mtu binafsi, mara nyingi una kifungu kuhusu biashara, usome, muulize mwenye nyumba kwa maandishi. Ndio maana watu wengi wanalipia anwani ya huduma, kuna majengo katikati ya London, kama pale Shelton Street, Covent Garden, yana maelfu ya kampuni kwenye mlango mmoja, wao wanapokea barua wanaskani wanakutumia. Ni halali kabisa. Ila hakikisha malipo yanajumuisha barua za Companies House na HMRC, na weka kikumbusho cha kulipia kila mwaka, maana ukikatiwa huduma barua za serikali zitarudi zilikotoka na wewe hutajua kitu mpaka faini.

Pia utatoa anwani yako ya kuishi kama mkurugenzi, hiyo inabaki siri, na anwani ya mawasiliano ambayo iko wazi. Usizichanganye kwenye fomu, na kwenye anwani ya mawasiliano weka ile ya ofisi. Na weka imeili ambayo unaifungua kweli.

Hatua ya 5: Thibitisha utambulisho

Tangu tarehe 18 Novemba 2025 huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni mpya bila kuthibitishwa kwanza wewe ni nani. Imetokana na sheria ya mwaka 2023 ya kupambana na uhalifu wa kiuchumi, maana kabla ya hapo mtu aliweza kuandika jina lolote na kampuni ikazaliwa. Mimi naona ni jambo zuri, wengi wetu tuliwahi kusikia mtu ambae jina lake limetumika bila yeye kujua.

Unafanya kwa simu kupitia GOV.UK One Login, akaunti ya kuingilia kwenye huduma za serikali mtandaoni, bure. Ukiwa na pasipoti yenye chipu simu inaisoma na kulinganisha na uso wako, na pasipoti mpya za Tanzania na Kenya zina chipu. Bado una ile ya zamani isiyo na chipu na uko nje? Basi utapitia wakala aliesajiliwa na Companies House kufanya uthibitisho, yeye atakutoza hela yake. Ukimaliza unapewa namba binafsi ya siri yenye herufi na tarakimu 11, ni ya kwako maisha yako yote sio ya kampuni, usimpe mtu ovyo. Kila mkurugenzi anahitaji ya kwake, na kila anaemiliki zaidi ya robo ya hisa au kura pia.

Hatua ya 6: Hisa, na makubaliano na mwenzako

Kwa mtu mmoja, toa hisa 100 za pauni 1 kila moja, basi. Kuna wanaoandika hisa 100,000 ili kampuni ionekane kubwa, kumbe thamani ya hisa usiyoilipia ni deni lako kwa kampuni, ikianguka mfilisi atakudai hiyo laki.

Mkiwa wawili, hapa naomba mnisikilize. Undugu, kutoka kijiji kimoja, kusali msikiti mmoja au kanisa moja, vyote ni vizuri lakini havitatui kura ikifungana. Mkigawana nusu kwa nusu na mkaja kutofautiana hakuna mwenye uamuzi, kampuni inakwama na akaunti ya benki inakwama nayo. Andikeni mkataba wa wanahisa kabla ya kusajili: nani anaweka hela ngapi, nani anafanya kazi kila siku na analipwa nini, mmoja akitaka kutoka hisa zake zinathaminiwa vipi na nani ana haki ya kuzinunua kwanza, mmoja akifariki familia yake inapata nini. Ile katiba ya mfano inayokuja na usajili haimalizi haya. Kama mmoja ameleta mtaji na mwingine ataleta jasho, jasho liandikwe, yaani hisa zake azipate kidogo kidogo kwa miaka, sio zote siku ya kwanza.

Hatua ya 7: Kusajili kwenyewe

Nenda moja kwa moja GOV.UK, tovuti ya serikali. Ada ya kusajili onlaini ilikuwa pauni 12 kwa miaka, Mei 2024 ikawa 50, na kuanzia tarehe 1 Februari 2026 ni pauni 100. Mtu akikutajia pauni 400 muulize nyingine ni za nini.

Utajaza jina, anwani, wakurugenzi, hisa, na namba za SIC zinazoeleza biashara yako. Unaweza kuweka mpaka nne. Usafi wa majengo ni 81210, ushauri wa kompyuta 62020, chakula cha kubeba 56103, saluni 96020. Chagua zinazolingana na kazi ya kweli maana benki watazisoma. Utakubali pia tamko kwamba kampuni ni kwa shughuli halali. Mara nyingi ndani ya saa 24 cheti kinakuja kwenye imeili na namba ya kampuni ya tarakimu nane. Kwa posta zitakuja barua mbili za maana, moja ina namba ya siri ya kampuni (authentication code), unayoitumia kubadilisha taarifa, nyingine kutoka HMRC ina namba ya mlipakodi ya tarakimu kumi. Zitunze.

Zitakuja na barua nyingine zenye nembo za kutisha zinakudai mamia ya pauni eti kukuingiza kwenye daftari fulani la biashara. Kampuni mpya zote zinazipata sababu anwani ziko wazi. Usilipe.

Hatua ya 8: Benki

Ukiwa unaishi hapa na una uthibitisho wa makazi, akaunti za biashara za kwenye simu kama Tide, Monzo au Revolut ni rahisi zaidi kuanzia kuliko benki kubwa za barabarani. Ukiwa Afrika Mashariki ni kazi ngumu zaidi, wengi wanaishia kwenye huduma kama Wise, na utaulizwa wateja wako ni akina nani, hela inatoka wapi, kwa nini Uingereza. Andaa majibu kwa karatasi: mkataba mmoja wa mteja, invoisi, tovuti inayofanya kazi, maelezo ya ukurasa mmoja ya biashara. Ukijibu kwa kubahatisha wanakataa na hawakwambii sababu. Ushauri wangu, kama huna hata mteja mmoja wa nje aliekubali kukulipa, ngoja kwanza, kampuni isiyo na akaunti inakula ada bure.

Hela ya kampuni sio yako hata kama hisa zote ni zako. Hii ndo sumu ya biashara zetu nyingi, mtu anamtumia mama M-Pesa kutoka akaunti ya kampuni, analipia ada ya shule ya mpwa, analipa michango ya msiba. Kila pauni inayotoka bila kuwa mshahara, gawio au gharama ya biashara inahesabika mkopo wa mkurugenzi, na usipourudisha ndani ya miezi tisa na siku moja baada ya mwaka wa hesabu kuisha kampuni inatozwa kodi ya zaidi ya theluthi moja ya hiyo hela. Jilipe kwanza, alafu umsaidie mama kutoka akaunti yako.

Hatua ya 9: Vibali vya kazi yako

Usajili haukupi leseni ya kazi. Ukipika, hata kama ni sambusa na mandazi jikoni kwako, jiandikishe kaunsili ya eneo lako siku 28 kabla ya kuanza, ni bure, watakuja kukagua na kukupa alama ya usafi 0 mpaka 5. Chakula unachofunga mwenyewe kabla ya mteja kuchagua lazima kiwe na orodha ya vilivyomo, na vinavyoleta mzio viandikwe kwa herufi zinazojitokeza, tangu Oktoba 2021.

Ukitaka kuhudumia wazee majumbani, kuwaogesha, kuwavisha, lazima usajiliwe na CQC, wakaguzi wa huduma za afya na matunzo, kabla ya mteja wa kwanza. Ukitaka kutuma hela za watu nyumbani unahitaji kibali cha FCA, wasimamizi wa huduma za fedha, na usimamizi wa HMRC kuhusu utakatishaji fedha, kukusanya hela kwenye akaunti yako na kumlipa ndugu wa mtu Mwanza bila vibali ni kosa la jinai hata kama kila mtu anakuamini. Wa kusafirisha mizigo Mombasa na Dar, friji na TV mbovu zinahesabika taka na kuzisafirisha ni kosa, ziwe zimepimwa na kuna karatasi ya kuonyesha zinafanya kazi.

Ukiajiri mtu hata mmoja, bima ya mwajiri ya angalau pauni milioni 5 ni lazima, jiandikishe PAYE, mfumo wa kukata kodi kwenye mishahara, kabla ya siku ya kwanza ya mshahara, na kagua haki yake ya kufanya kazi kwa utaratibu wa serikali, huruma haitakusaidia maana faini kwa kosa la kwanza inafika pauni 45,000 kwa kila mtu.

Hatua ya 10: Kodi

Ukianza biashara una miezi mitatu kuwajulisha HMRC kwamba kampuni imeanza kazi. Kodi ya faida ni asilimia 19 kama faida haizidi pauni 50,000, na 25 ikizidi 250,000, katikati kuna unafuu unaopungua. Tuseme umeingiza 60,000, gharama zikiwemo mshahara wako ni 25,000, faida ni 35,000, kodi ni 6,650. Inabaki 28,350 ambayo unaweza kujigawia, na gawio nalo likizidi pauni 500 linatozwa kwa jina lako, kwa hiyo weka pembeni hela ya kodi kila mwezi, fungua akaunti ndogo ya pili ya kampuni kwa ajili hiyo tu. VAT ni lazima mauzo yakivuka pauni 90,000 ndani ya miezi 12 yoyote mfululizo, angalia mauzo sio faida.

Kwa mnaokaa nyumbani, kampuni ya London haikutoi mikononi mwa TRA au KRA. Sheria za Tanzania na Kenya zote zinaiona kampuni ya nje kuwa mkaazi kama inaongozwa na kudhibitiwa kutokea huko, yaani maamuzi yote ukiyafanya ukiwa Mikocheni, TRA wana msingi wa kukudai. Kaa na mhasibu anaejua pande zote mbili kabla, sio baada.

Hatua ya 11: Tarehe za mwaka wa kwanza

Tuchukue kampuni iliyosajiliwa tarehe 10 Machi 2026 na ikaanza kazi siku hiyo hiyo. Taarifa ya uthibitisho, ile ya kusema wakurugenzi na hisa bado ni hivi hivi, mwisho ni tarehe 23 Machi 2027, ada pauni 50. Hesabu zake za kwanza zinaishia tarehe 31 Machi 2027 na mwisho wa kuzipeleka Companies House ni tarehe 10 Desemba 2027. Kwa HMRC kipindi cha kodi hakizidi miezi 12, kwa hiyo mwaka wa kwanza unapeleka ritani mbili, moja ya mpaka tarehe 9 Machi na nyingine ya siku zile 22 zilizobaki, na malipo ya kodi ni tarehe 10 Desemba 2027 kwa ile ya kwanza na tarehe 1 Januari 2028 kwa ya pili. Wengi wanasahau hiyo ya siku 22.

Ukichelewesha hesabu Companies House, faini inaanza pauni 150 na inapanda mpaka 1,500 ukipita miezi sita, na ukirudia mwaka unaofuata inakuwa mara mbili. Hata kampuni ambayo haijauza kitu inapeleka hesabu na taarifa, watu wengi wanafungua wakaenda zao wakidhani kimya ni sawa na kufunga.

Na ukiona haiendi, ifunge mwenyewe kwa utaratibu: lipa wadai, maliza na HMRC, toa hela zote kwenye akaunti, alafu omba iondolewe kwenye daftari kwa ada ndogo. Ukiiacha mpaka waifute wenyewe, hela iliyobaki benki inakuwa mali ya Mfalme kisheria, na kuirudisha ni maombi na gharama nyingine kabisa.